Nani atalipia kichwa? Milango minne ya fidia na gharama ya kuupita kila mmoja

Mfupa wa mguu ukivunjika hauna siri. Picha huuonyesha, daktari huufunga plasta, na kampuni ya bima ikisoma ripoti hujua takriban italipa nini. Kichwa hakina uungwana huo. Mtu anagongwa na matatu Jumatatu, anainuka, anajipangusa vumbi na kuwaambia waliomzunguka kuwa yuko sawa. Alhamisi hakumbuki alikoegesha pikipiki. Mwezi wa nane mkewe anawaambia wakwe kwamba mwanamume huyu anayefoka kwa sababu ya kijiko kilichoanguka siye aliyemwoa. Na huenda kufikia hapo ameshapokea laki mbili za kampuni ya bima na kutia sahihi karatasi inayosema hana dai jingine lolote.

Mkenya aliyeumia kichwa barabarani ana milango minne hivi ya kudai fidia: kuelewana na kampuni ya bima moja kwa moja, kwenda Mahakama ya Madai Madogo, kufungua kesi mbele ya hakimu akiwa na wakili, au, kama alikuwa kazini, kutumia sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 ambayo kila mtu huiita WIBA. Wengi huilinganisha kwa kuuliza wakili atakata asilimia ngapi. Swali hilo lina wakati wake. La kwanza ni jingine: mlango upi utanipa nafasi ya kungoja hadi ijulikane kichwa kimeharibika kiasi gani, na upi utafunga hesabu mapema?

Kabla ya mlango wowote kuna karatasi, na karatasi zina bei. Ajali iripotiwe kituoni, upewe nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio, kisha uombe abstrakti ya polisi. Isome papo hapo ukiwa bado kaunta: nambari za magari, jina la dereva, jina la kampuni ya bima na nambari ya bima yenyewe. Herufi moja iliyokosewa kwenye nambari ya gari imewatesa watu miaka. Baada ya hapo tafuta rekodi ya mmiliki wa gari kutoka NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Ukisoma hukumu za kesi za ajali nchini utakutana na Sh550 mara nyingi hadi uizoee. Ndiyo ada ya rekodi hiyo, na wadai hurejeshewa wakionyesha risiti. Usiidharau kwa udogo wake, kwa kuwa Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bila karatasi hiyo unaweza kumshtaki mtu aliyeuza gari miaka mitatu iliyopita.

Kisha kuna ripoti ya daktari ya kupeleka mahakamani, ambayo si sawa na kadi ya kutoka hospitalini. Katika hukumu nyingi utaona ripoti hizo zimegharimu elfu mbili hadi sita au saba. Wakili wa upande wa pili akikataa kuipokea bila kumhoji aliyeiandika, daktari atahitajika kufika mwenyewe, na kufika kwake kuna malipo. Kampuni ya bima nayo itakutaka uende kwa daktari wake, kwa gharama yake. Usishangae ripoti ya kwanza ikisema umepoteza asilimia 40 ya uwezo wako na ya pili ikisema 15. Hakimu atazisoma zote mbili.

Kwenye jeraha la kichwa, bei ya ripoti si mahali pa kubana matumizi. Hospitali hupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa 1974, chenye alama 3 hadi 15. Alama 13 hadi 15 huitwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka chini jeraha baya. Neno “dogo” hapo ni la chumba cha dharura. Lina maana kwamba mgonjwa alifungua macho na kujibu maswali. Halisemi lolote kuhusu kama ataweza tena kufanya hesabu za duka. Mshughulikiaji wa madai wa kampuni ya bima hulipenda sana neno hilo.

Hata picha zina mipaka. Skani ya CT ni ya haraka, huonyesha damu iliyovuja na fuvu lililopasuka, na ndiyo hufanywa usiku wa ajali. MRI huchukua muda na kwa kawaida ni ghali zaidi, lakini huona uharibifu mwembamba ambao CT huupita. CT safi haimaanishi ubongo mzima. Kwa wazee hasa, damu inaweza kuvuja polepole chini ya utando wa ubongo na dalili zikaja baada ya wiki. Kifafa kinachotokana na jeraha kinaweza kuanza miezi au hata miaka baadaye. Kwa hiyo pesa zikiwa chache, mimi ningezigawa hivi: ripoti fupi ya mwanzo kwa ajili ya kumbukumbu, kisha ripoti kamili ya daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu hali ikishatulia, na ikiwezekana vipimo vya kumbukumbu na umakini kutoka kwa mwanasaikolojia wa hospitali. Ripoti tatu za mwezi wa kwanza hazifikii moja ya mwaka wa pili.

Kuhusu hospitali yenyewe, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kuanzia Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, kwa mchango wa asilimia 2.75 ya mapato na usiopungua Sh300 kwa mwezi. Itapunguza bili, wakati mwingi haitaimaliza, na familia itachanga. Tunza kila risiti, hata ya bandeji na ya kukodi gari la kwenda kliniki. Mahakama hairejeshi pesa zilizotumika ila zimetajwa kwenye madai na kuthibitishwa. Nauli isiyo na risiti umeitoa sadaka.

Sasa milango. Wa kwanza, kuelewana na bima, unaonekana wa bure. Hakuna ada ya mahakama, si lazima wakili, na hundi inaweza kuja ndani ya wiki au miezi michache. Gharama yake iko kwenye karatasi ya kumaliza dai. Ukishaitia sahihi, kifafa cha mwaka ujao ni chako. Mlango huu unafaa kwa aliyepoteza fahamu kwa dakika chache, akapimwa, akakaa nusu mwaka bila kuumwa kichwa wala kusahau, na anachodai ni bili na siku alizokosa kazini. Kwa mwingine yeyote ni bei ya kutupa. Shida ni kwamba ahadi ya laki mbili hufika kodi ya nyumba ikiwa imechelewa miezi miwili, na anayeileta analijua hilo.

Mlango wa pili, Mahakama ya Madai Madogo, uliwekwa na sheria ya 2016 na madai ya majeraha yametajwa humo. Kikomo ni Sh1 milioni. Ada ni ndogo, unaweza kujisimamia mwenyewe, Kiswahili kinakubalika, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Kwa mkono uliovunjika ni mpango mzuri. Kwa kichwa kilichoumia vibaya, kasi hiyo hiyo ndiyo hatari: siku 60 ni chache kuliko muda ambao ubongo huchukua kuonyesha ulichopoteza, na rufaa inaruhusiwa kwa hoja za sheria tu. Hakimu akikupa kidogo kwa sababu ripoti ilikuwa ya mapema, huna pa kwenda kulalamika kuhusu kiasi.

WIBA ni mlango ambao watu wengi hawajui kwamba umefunguliwa. Dereva wa lori, utingo, mjenzi aliyeangukiwa na mbao, mlinzi aliyepigwa rungu akiwa zamu: hawa hawahitaji kuthibitisha kosa la yeyote. Kinachohitajika ni kwamba ajali ilitokana na kazi. Mwajiri anapaswa kuiripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba, na dai liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Matibabu ni juu ya mwajiri. Ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 hulipwa mapato ya miezi 96, na asilimia ndogo hulipwa kwa kadiri yake. Ubaya wake ni kwamba, kwa ajali hiyo, sheria inakuzuia kumshtaki mwajiri mahakamani kwa njia ya kawaida; Mahakama ya Juu ilithibitisha uhalali wa mfumo huo Desemba 2019. Lakini haikuzuii kumshtaki dereva wa gari jingine lililokugonga ukiwa kazini, ilimradi usilipwe hasara ile ile mara mbili.

Tuone tarakimu. Mfano ni wa kubuni, hesabu ni ile inayotumika. Utingo wa miaka 27, mapato Sh20,000 kwa mwezi, lori lao linagongwa na basi lililohama upande wake wa barabara. Baada ya mwaka na nusu madaktari wanakubaliana kwamba amepoteza asilimia 40 ya uwezo: kumbukumbu fupi, kizunguzungu, kifafa kinachohitaji dawa kila siku. Kwa WIBA, miezi 96 mara 20,000 ni 1,920,000. Asilimia 40 yake ni Sh768,000, juu ya matibabu.

Kwa hakimu, hesabu ni nyingine. Mapato ya mwaka ni 240,000. Mahakama ikichukua kwamba alikuwa na miaka 25 ya kazi mbele yake, hiyo ni milioni 6, na asilimia 40 ni Sh2.4 milioni. Tuseme kwa maumivu na maisha yaliyopungua ladha hakimu, akiangalia hukumu za majeraha yanayofanana, anatoa milioni 1.5. Dawa za kifafa, tuseme 2,500 kwa mwezi kwa miaka 25, ni 750,000. Jumla Sh4.65 milioni. Hapo kuna mtego ambao umewakosesha wengi: gharama za matibabu ya baadaye lazima ziandikwe kwenye hati ya madai. Daktari anaweza kuzitaja kizimbani kwa ufasaha wote, lakini kama wakili hakuzidai, 750,000 zimepotea.

Punguza tena. Utingo hakufunga mkanda, na mahakama inampa asilimia 20 ya lawama. Zinabaki Sh3.72 milioni. Kwa abiria wa bodaboda asiyevaa kofia ngumu, ambayo Sheria ya Trafiki inamtaka yeye na mwendeshaji waivae, hoja hiyo hiyo hutolewa, na jeraha likiwa la kichwa ina nguvu zaidi kuliko ya mkanda.

Halafu dari. Sheria ya bima ya magari kwa watu wa tatu, Sura ya 405, inailazimisha kampuni ya bima kulipa mtu mmoja hadi Sh3 milioni na si zaidi. Zile 720,000 zilizobaki ni deni la mwenye basi. Akiwa na basi jingine au shamba, zinaweza kufuatwa. Akiwa hana, ziko kwenye karatasi tu. Hii ndiyo sababu wakili mwenye uzoefu, akiona jeraha kubwa, huuliza habari za mwenye gari mapema kama anavyouliza habari za bima. Gari la kampuni kubwa ya usafirishaji na gari la mtu mmoja aliyelinunua kwa mkopo si wadaiwa sawa, hata kama bima yao ni ile ile.

Na bima yenyewe inaweza kuanguka. Blue Shield iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria 2011, Resolution ikafuata 2022. Jambo hilo likitokea malipo husimamishwa, na Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima hulipa hadi Sh250,000 tu. Aliyegongwa hakuichagua kampuni hiyo. Ilichaguliwa na mwenye gari, mara nyingi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini.

Kesi ya hakimu hufunguliwa dhidi ya dereva na mwenye gari, si dhidi ya bima. Bima hupewa notisi ya kisheria kwamba kesi ipo, na ikikosa notisi hiyo kwa wakati inaweza kukwepa kulipa. Dereva na mwenye gari wakishindwa na bima bado ikakaa kimya, kuna kesi ya pili ya kuilazimisha. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai hadi Sh20 milioni, kwa hiyo ni majeraha machache ya kichwa yanayohitaji Mahakama Kuu. Muda ni miaka, si miezi, miwili ukibahatika. Ada za mahakama, barua za notisi, nauli za mashahidi na daktari vinaweza kufika makumi ya maelfu kabla hujaona senti. Ukishindwa, unaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili. Hayo yote yakihesabiwa, kwa jeraha linaloacha ulemavu ningechagua mlango huu, nikitanguliza WIBA kama mtu alikuwa kazini.

Hapo ndipo wakili anapoingia, na asilimia zake. Sheria ya Mawakili inakataza wakili kuingia mkataba wa kulipwa sehemu ya ushindi. Ada zimewekwa katika amri ya malipo ya mawakili, zikipanda kulingana na thamani ya dai. Mitaani hali ni tofauti: utasikia theluthi ikitajwa kana kwamba imeandikwa kwenye Biblia. Theluthi ya milioni 3 ni milioni moja, yaani karibu nusu ya kile utingo wetu alichopewa kwa kupoteza mapato ya ujana wake. Mkataba wa namna hiyo haumfungi mteja, lakini hundi ya bima huingia kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na aliyeshika pesa ndiye anayeanza mazungumzo akiwa ameketi vizuri.

Kwa haki, wakili anayekubali kubeba gharama za kesi ya mtu asiye na kitu anabeba hatari ya kweli, na wengi wa walioumia wasingefika mahakamani bila yeye. Nisingemlaumu anayetaka alipwe vizuri. Ninachotaka ni maandishi: ada itakokotolewa kwa kipimo kipi, nani analipia ripoti ya daktari, gharama zitakazolipwa na aliyeshindwa zinahesabiwa kuwa za nani (kuna anayechukua hizo na kukata fidia pia), na taarifa ya hesabu itatolewa lini baada ya hundi kuingia. Anayekwepa kuandika hayo amekwisha kujibu. Jina lake litafutwe kwenye orodha ya Chama cha Mawakili kuona kama ana leseni ya mwaka huu. Akikaa na pesa zako, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko bila malipo.

Broka anayekuja wodini na fomu kabla mgonjwa hajafungua macho ni habari nyingine. Sheria inamkataza wakili kutafuta wateja kwa njia hiyo, na kamisheni ya broka haitoki hewani. Imo ndani ya ile theluthi. Asiye na uwezo anaweza kujaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au Kituo cha Sheria, shirika lililoanza Nairobi mnamo 1973.

Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu tangu ajali, lakini gari likiwa la serikali ni miezi 12. Sheria inaweza kuuongeza kwa mtu ambaye akili yake haikuwa timamu kutokana na jeraha, ila ni hoja ya kupigania mahakamani, na aliyeacha kesi kwa kuitegemea amejiongezea kesi ya pili juu ya ile ya kwanza. Gari likiwa si la serikali, mpango wa busara ni kungoja ripoti kamili hadi mwaka wa pili, ukiwa umeshatoa notisi na kukusanya karatasi, na kufungua kesi mwaka wa tatu ukiwa bado mbali na mwisho wake.

Kuna jambo moja la jeraha la ubongo ambalo majeraha mengine hayana: mdai mwenyewe anaweza asiwe na uwezo wa kuendesha dai lake. Hapo mtu mzima wa familia, mara nyingi mke, mzazi au kaka, husimama kwa niaba yake chini ya Amri ya 32 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai. Kanuni hizo zinasema msimamizi huyo hawezi kuingia katika mapatano kwa niaba ya mgonjwa bila idhini ya mahakama. Idhini hiyo inachukua wiki kadhaa na inawaudhi wote wanaotaka hundi itoke. Lakini maana yake ni kwamba pale kaka anapoitwa ofisini, akapewa chai na kalamu kesi ikiwa inaendelea, mapatano aliyotilia sahihi bila hakimu kuyapitisha yanaweza kubatilishwa kwa ombi la mgonjwa.